Dakika Kumi na Moja za Shahidi wa Ipelemba

Mstari ulikuwa bado unashuka.

Siku ishirini na tano zilikuwa zimepita tangu Shahidi Namba Kumi na Tisa asumbuliwe, na kwenye kioo cha chumba cha kusomea mstari wake wa kijani uliendelea kuteremka, polepole mno, hata mtu asiyejua angeapa kuwa umelala. Subilaga Mwasomola alijua. Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kusoma mistari ya namna hiyo, na wasomaji wote wa Nyumba ya Mashahidi walifundishwa kwa jedwali aliloliandika yeye. Asubuhi hiyo alitamani angekuwa muuza vitumbua.

"Bado tu?" aliuliza Tumpale, msomaji mwenzake, akiingia na kikombe cha chai ya maziwa kilichojaa hadi ukingoni. Vinywaji vilipigwa marufuku chumbani humo. Aliyevipiga marufuku ni Tumpale mwenyewe, kwa tangazo la herufi kubwa lililobandikwa mlangoni.

"Bado. Wala hautafika mwisho, unajua."

"Najua, Dada. Nilikuwa nasalimia tu." Alivuta kiti. "Baraza linakaa saa nne. Somo la pili umeshalifanya?"

"Halina haja. Mtunzaji hakupinga."

"Hakupinga, kweli. Kasema hana la kusema. Mtu anatunza jokofu la kata miaka thelathini na moja, hajawahi kuchelewa hata kufuta barafu, halafu siku moja anaacha mlango wazi dakika kumi na moja na hana la kusema! Mimi ningekuwa nayo mengi. Ningemsingizia hata paka."

"Kanuni inasema asipopinga, somo la kwanza linatosha."

"Kanuni naijua. Si umeiandika wewe?" Tumpale alipuliza chai yake. "Na jana redioni wamekusifu tena. 'Mama asiyempendelea hata mkwewe.' Mke wangu anasema nikuombe picha, aitundike sebuleni."

Subilaga alicheka kwa kuwa alitegemewa acheke. Kicheko kilimtoka kikavu. Alipogeukia kioo aliuona uso wake ukielea juu ya ule mstari, akatazama pembeni.

Shahidi, kwa wasiomjua, si mtu. Ni kipande cha silikoni, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kilichotiwa fosforasi kwa vurugu ya makusudi, kila chembe ikakaa ilipoangukia. Ndani yake elektroni hulala kila moja kwenye kishimo chake, na vishimo havilingani: kimoja kirefu, kingine kifupi, hakuna aliyevipanga. Kwenye baridi hutulia. Zipashe joto, au zimulike, nazo huruka juu, kisha huanza kutafuta njia ya kurudi chini. Kurudi kwake ndiko kulikompa Subilaga mkate wake, kwa sababu elektroni hazipendani. Moja ikihamia kishimo kipya, jirani zake wote hukosa raha nao husogea, na kwa kusogea huwasumbua wengine. Ni kama watu waliobanana kwenye mkeka msibani: akiongezeka mmoja, mkeka mzima unajisogeza, na yule wa mwisho kabisa bado anatafuta pa kuweka goti wakati chai inagawiwa.

Mwanzoni hushuka kwa pupa, baadaye huchoka. Kiasi zinachoshuka kati ya dakika ya kwanza na ya kumi, ndicho hicho zinachoshuka kati ya siku ya kwanza na ya kumi, na ndicho hicho kati ya mwaka wa kwanza na wa kumi. Msomaji hodari, akiutazama mteremko huo, hujua usumbufu ulidumu muda gani na ulitokea lini. Muda husomeka sawasawa. Tarehe huingia ukungu kadiri siku zinavyokwenda.

Tangu watu walipozoea kuviandikia vipimajoto namba za kubuni, sheria haikuamini tena kitu kingine. Kila jokofu la chanjo nchini lilikuwa na shahidi wake ubavuni, kwenye tundu lenye barafu, chini ya kifuniko cheusi. Shahidi akisema baridi ilivuja, dawa inachomwa na mtunzaji ananyang'anywa funguo, na jina lake linabandikwa ukutani kwa maisha yake yote.

Lakini kulikuwa na somo la pili. Hilo huuliza ni kitu gani kilichozirusha elektroni: joto au mwanga. Mwanga huzirusha juu zaidi, na zile zilizorushwa juu kabisa hukwama mahali ambapo joto la mlango uliosahauliwa haliwezi kuzifikisha. Lilikuwa jambo la dakika nne. Subilaga alikuwa na saa mbili kabla ya baraza. Baraza likimaliza, shahidi angeoshwa, yaani angepashwa moto hadi asahau yote, na hapo pasingekuwa na cha kuuliza tena.

Alizima kioo.

"Nakwenda kubadilisha koti," alisema.

*

Jumanne ile ya tarehe nne hakuna aliyemtuma Subilaga Ipelemba. Ukaguzi wa kata hiyo ulikuwa zamu ya Tumpale. Subilaga mwenyewe ndiye aliyeiomba, kwa maneno matamu, akidai amewakumbuka wakwe.

Alichokikumbuka ni Namba Kumi na Tisa. Huyo alikuwa shahidi wa kwanza aliyemtengeneza kwa mikono yake, angali mwanafunzi, na katika wale ishirini wa mwanzo ndiye pekee aliyekuwa bado kazini. Nyumba ya Mashahidi ilikuwa inatimiza miaka ishirini. Ofisi ilitaka picha yake kwa ajili ya bango. Zilikuwepo picha za maabara, nzuri tu. Subilaga alitaka ya kwake na Namba Kumi na Tisa, pale pale jokofuni, barafu ikiwa nyuma yao.

Sasa, mtunzaji wa Ipelemba alikuwa Mzee Ambakisye, baba yake Lusajo, na Lusajo ndiye mume wa Subilaga. Katika ukoo ule mila ya mkwe ilikuwa haijafa. Mke wa mtoto na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawapeani mkono. Watu wengi wa mjini wameiacha na wanaicheka. Subilaga, daktari wa fizikia, aliishika miaka kumi na tisa bila kinyongo. Kwa mila, mke ndiye anayepisha: akimwona mkwe njiani, anaacha njia. Lakini tangu Subilaga alipovaa koti la ofisi, mzee ndiye aliyekuwa akimpisha yeye, na hakuna aliyewahi kumwomba afanye hivyo.

Kanuni inataka mkaguzi na mtunzaji waingie pamoja kwenye chumba cha jokofu, mmoja akimtazama mwenzake, kisha wote watie sahihi. Ililetwa kutoka makao makuu, na aliyeiandika bila shaka hakuwa na mkwe Ipelemba.

"Karibu, mwanangu," sauti ya mzee ilisema kutoka nyuma ya ukuta. "Nimekufungulia. Mimi nipo huku koridoni, nimegeukia nje."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kitabu nimeshatia sahihi. Fanya kazi yako kwa nafasi."

Angeweza kumwita muuguzi aje asimame naye. Muuguzi alikuwa chumba cha pili, akiimba. Subilaga aliusikia wimbo, akajisemea kuwa ni jambo la sekunde moja. Ufunguo wa kifuniko wanao wasomaji peke yao. Akautoa shingoni, akafungua kifuniko, akawasha taa ya simu kwa kuwa chumba kilikuwa na kiza. Sekunde moja ingeacha alama ndogo isiyohesabika.

Picha ya kwanza alikuwa amefumba macho. Ya pili, pumzi yake ilitia ukungu. Ya tatu ilimwonyesha kidevu cha pili ambacho hakuwa na habari nacho. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na bango lingetundikwa kila kituo. Akainua simu juu kidogo, akakaza shingo, akatabasamu nusu, akatabasamu yote, akaacha kutabasamu. Taa ikiwaka muda wote. Alipopata iliyomridhisha ilikuwa ya thelathini na nne, na alipotazama saa, dakika kumi na moja zilikuwa zimepita.

Hata hapo mambo yalikuwa hayajaharibika. Ipo fomu. Msomaji aliyemmulika shahidi kwa bahati mbaya huijaza, shahidi anaoshwa na kuanzishwa upya, msomaji anapewa karipio. Subilaga aliifikiria ile fomu, na sehemu yake inayouliza sababu. Akafikiria kuandika humo kwamba alikuwa anatafuta upande wa uso uliompendeza. Akafunga kifuniko, akatia sahihi chini ya sahihi ya mkwewe, akaondoka.

Siku iliyofuata mzee alifuta barafu ya jokofu, peke yake, kama anavyoruhusiwa. Tarehe kumi na tano mashahidi wote wa wilaya walikusanywa kusomwa. Namba Kumi na Tisa alisema: dakika kumi na moja, siku kumi hadi kumi na mbili zilizopita. Ukungu wa tarehe ulizifunika siku zote mbili, ya Subilaga na ya barafu. Kitabu kilionyesha kuwa tarehe nne waliingia wawili, wakitazamana. Tarehe tano aliingia mmoja.

Subilaga hakudanganya. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Alisoma muda kama ulivyo na tarehe kama zilivyo, na kila neno alilotamka lilikuwa kweli. Walipomwuliza kama ataweza kumsoma shahidi wa mkwewe, Tumpale alitania kwamba elektroni hazina wakwe, watu wakacheka, na ikapita.

Tarehe kumi na sita chanjo zilichomwa nyuma ya zahanati, vichupa mia nne na kumi na viwili. Taa ya simu haiwezi kuharibu chanjo iliyo ndani ya jokofu lililofungwa. Zilikuwa nzima kama siku zilipoletwa. Wanawake waliokuja na watoto mgongoni walisimama wakitazama moshi, halafu wakaanza safari ya kwenda kata ya jirani, mwendo wa nusu siku. Mzee Ambakisye alisimama mbali na daftari lake la kipimajoto kwapani. Miaka thelathini na moja ya namba za kweli, kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyelifungua.

*

Siku moja kabla ya baraza Subilaga alikwenda kwa wakwe zake, baada ya chakula cha mchana. Mumewe alikuwa kazini Dodoma. Siku hizo alipopiga simu walizungumzia mvua tu. Alikaa jikoni, mzee akakaa nje upande wa pili wa ukuta wa matofali, na katikati, kwenye kizingiti, akasimama mama mkwe, Mama Lusajo, akipeleka maneno huku na kurudisha kule. Sauti zilisikika waziwazi pande zote mbili. Mila ni mila.

"Naomba umwambie baba," Subilaga alisema, "kesho asiseme hana la kusema. Aseme anapinga. Neno moja tu."

"Anasema useme unapinga," Mama Lusajo alimwambia ukuta.

"Nimesikia. Mwulize nikipinga itakuwaje."

"Akipinga, lazima shahidi asomwe mara ya pili. Ni lazima. Hata mimi siwezi kuzuia."

Alijisikia akisema hivyo na masikio yakamwaka. Ndicho alichokuja kukitafuta: kanuni imkamate, ili asijipeleke kwa miguu yake. Alitaka mzee wa miaka sabini na mbili amfanyie hata hilo.

 Nje kuku walikwaruza majani makavu ya mgomba.

"Mwambie mwanangu hivi," sauti ya mzee ilisema. "Nikipinga, wataniuliza nani mwingine aliingia."

Mama Lusajo alifungua mdomo ayapeleke, akasita. Alimtazama mkwewe.

"Mwambie pia, ukuta wa pale ni mwembamba. Siku ile nilisikia mlio. Kacha. Kacha. Kacha. Nikadhani ndiyo kazi yenyewe. Nikasema, elimu hii ina mambo." Alikohoa kidogo. "Juzi nimekwenda pale ofisini kwenu kuchukua barua ya kuitwa. Nimeliona bango."

Subilaga alishika ukingo wa kigoda. Alitamani ukuta ule uwe mnene kama mlima.

"Picha ni nzuri," mzee alisema. "Amependeza."

Hapakuwa na kejeli ndani yake. Subilaga aliitafuta, angeishukuru kama angeipata.

"Baba Lusajo," Mama Lusajo alisema kwa sauti ndogo, "wewe umejua tangu lini?"

"Hilo usimpelekee. Mpelekee hili: mimi sitamsimamisha mke wa mwanangu mbele za watu. Kitabu nilitia sahihi mwenyewe, kwamba nilikuwa ndani naye. Sikuwa ndani. Na huo nao ni uongo, ni wangu. Basi. Akimaliza chai, mpe yale magimbi aende nayo."

Mama Lusajo hakupeleka lolote. Aliokota kikapu, akaanza kutia magimbi, moja moja, bila kumtazama. Alijaza kikapu hadi juu, kama anavyomjazia siku zote.

*

Ukumbi wa baraza ulijaa. Watu wa Ipelemba walikuwa wamepanda magari ya alfajiri, na akina mama wenye watoto walipewa viti vya mbele. Kwenye ukuta wa nyuma, juu ya vichwa vya watu, lilining'inia bango la miaka ishirini: Subilaga Mwasomola, kidevu juu, akitabasamu nusu, na kando ya bega lake kipande cha silikoni kinachong'aa. Namba kumi na tisa ilisomeka. Nyuma yake ilionekana barafu na ubavu wa jokofu la buluu. Kila aliyekuwemo alikuwa ameliona bango hilo mara kumi.

Mwenyekiti wa baraza, Bi. Sekela Mwambene, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, alisoma jina la msomaji. Mzee Ambakisye, aliyekuwa ameketi peke yake kwenye benchi la mtunzaji, akainuka na kuvaa kofia yake.

"Mzee, una haki ya kubaki na kusikia unayosomewa," alisema Bi. Sekela.

"Haki yangu naijua, mama. Mkwe wangu anaingia. Mpisheni mtoto apite."

Akatoka kwa mlango wa mbele, kwenye manyunyu. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, Subilaga akaingia. Alilikuta benchi likiwa tupu, limebaki daftari la kipimajoto tu, na akaelewa kwamba mara zote tatu alizosimama hapa mwezi huu kusoma dhidi ya mtu huyu, mtu mwenyewe alikuwa nje akilowa kwa heshima yake.

Tumpale aliunganisha nyaya. Mstari wa kijani ukatokea kwenye kioo kikubwa. Subilaga alisoma muda, alisoma tarehe. Sauti yake ilikuwa nzuri na tulivu, ile iliyosifiwa redioni.

"Mtunzaji hakupinga," Bi. Sekela alisema, akiandika. "Msomaji, una la kuongeza kabla hatujafunga?"

Kusema hapana kulitaka pumzi moja tu. Shahidi angeoshwa kabla ya saa sita. Kwa miaka ishirini alikuwa akiwafundisha watu kwamba elektroni hizi hazimalizi kutulia, na mwezi huu mzima alikuwa amezisubiri, yeye, mwalimu wao, zitulie haraka zimfiche. Alimtazama mtoto mmoja kiti cha mbele, amelala, shavu limebonyea kwenye bega la mama yake. Halafu akatazama lile daftari.

"Naomba somo la pili," alisema.

"Mtunzaji hakupinga, Daktari."

"Napinga mimi."

Bi. Sekela alivua miwani. Tumpale aligeuka na waya mkononi, mdomo wazi.

"Alifanye Tumpale," Subilaga aliongeza. "Mimi nisiguse."

Dakika nne ni nyingi ukiwa umesimama. Subilaga alizihesabu zote. Jasho lilimtiririka mgongoni chini ya koti, na mara mbili alitaka kusema kwamba amekosea, kwamba waache. Mstari wa pili ulichorwa juu ya wa kwanza, mwekundu, ukapanda palepale ulipopaswa kupanda. Tumpale aliutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni mwanga," alisema mwishowe. "Si joto. Baridi haikutoka. Jokofu halikuachwa wazi hata kidogo."

Ukumbi ulinguruma. Mama wa yule mtoto aliinuka nusu.

"Kwa hiyo zile dawa zilikuwa nzima?"

Tumpale alimtazama Subilaga, ajibu nani.

"Zilikuwa nzima, mama," Subilaga alisema.

"Mlizozichoma."

"Tulizozichoma. Zilikuwa nzima, na mimi nilijua."

Mama yule aliketi. Hakupiga kelele, na Subilaga alikuwa amejiandaa kwa kelele.

"Sielewi," alisema Bi. Sekela. "Mwanga umeingiaje chini ya kifuniko? Si mnasema ufunguo wanao wasomaji peke yao?"

"Ndiyo, mwenyekiti. Geukeni mtazame bango."

Viti vililia. Watu mia mbili waligeuka kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza wakaitazama ile picha: silikoni isiyo na kifuniko, barafu, jokofu lao wenyewe, na mwanamke aliyejipenda. Subilaga hakugeuka. Alivua kamba shingoni na kuuweka ufunguo juu ya meza.

"Tarehe nne niliingia peke yangu. Baba mkwe wangu alibaki koridoni kwa kuniheshimu, akatia sahihi kwa kuniamini. Nilifungua kifuniko nijipige picha. Nilipiga thelathini na nne. Hiyo ndiyo niliyoona nimependeza. Dakika kumi na moja mnazozisoma hapo ni zangu." Sauti ile tulivu ilikuwa imemtupa mkono, aliyekuwa akiongea sasa alikuwa mtu mwingine, mwenye kwikwi. "Nilikuwa naona haya kuandika sababu kwenye fomu. Ndiyo sababu yote. Sina nyingine."

Hakuna aliyecheka. Angeomba wacheke.

Bi. Sekela aliandika kwa muda, akafuta, akaandika tena. Kisha akasema kwamba msomaji amesimamishwa kazi kuanzia saa hiyo, na shauri lake litasikilizwa na wengine. Kwamba jina la mtunzaji halitabandikwa popote. Kwamba funguo za jokofu la Ipelemba zirudishwe mikononi mwake leo hii, hadharani. Suala la sahihi ya kitabuni angelizungumza naye pembeni.

"Mwiteni Mzee Ambakisye."

Karani alikwenda mlangoni, akatoa kichwa nje. Mazungumzo ya chini yakasikika. Akarudi, amelowa mabega, akionekana kama mtu aliyepewa mzigo asiojua pa kuushika.

"Hataki kuingia, mwenyekiti. Anauliza kama mkwewe bado yumo."

Ukumbi wote ulimtazama Subilaga. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kidogo, na kwenye upenyo aliuona ukosi wa koti la mzee na nusu ya kofia, vimegeukia nje, kama siku ile koridoni. Angeweza kumwita. Alikuwa na maneno ya kumwambia, alikuwa ameyapanga usiku kucha. Lakini mzee alikuwa amesimama kwenye mvua akingoja chumba kiwe wazi, na mwenye kupisha, kwa mila, hakuwa mzee.

Subilaga alivua koti la ofisi, akalikunja, akaliweka kando ya ufunguo. Akaanza kuelekea mlango wa nyuma, ule wa watu wa usafi.

"Dada," karani alimwita. "Samahani. Ameniambia nikuambie, huko nyuma kuna utelezi. Amesema upite kando ya ukuta."

Nje manyunyu yalikuwa yamekolea. Nyuma yake alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa, kisha mkwaruzo wa viti, ukumbi mzima ukisimama. Subilaga aliweka kiganja kwenye matofali yaliyolowa, akapita kando ya ukuta kama alivyoambiwa.